Paka Hapigi Pozi

Hotuba kwa wanafunzi wa uchoraji na wazazi wao, Dar es Salaam

Walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi asubuhi hii, na nyinyi wanangu wanafunzi, karibuni, na asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie daftari la michoro. Nimeamua kulizungumzia kupitia paka, na paka wenyewe ni wa Marekani, wa zamani, waliochorwa kwa penseli na wino na watu ambao leo picha zao zinatunzwa kwenye makumbusho makubwa. Kurasa za madaftari ya wachoraji wa kule bado zinauzwa minadani hadi leo, na paka ni miongoni mwa vitu vinavyojirudia sana humo. Ukurasa wa namna hiyo ukiletewa mbele yako kwa mara ya kwanza, unaweza kusema hauna kitu. Unaona mgongo usio na kichwa. Unaona masikio mawili yanaelea peke yake juu ya karatasi. Hapa paka amelala, pale amelala tena lakini mguu umehama, kule chini kuna mkia ulioanzwa ukaachwa njiani. Sahihi hakuna. Kingo za karatasi zimeshapiga manjano.

Mimi nasema ukurasa huo unafundisha kuliko picha nyingi zilizokamilika na kutiwa fremu. Naomba mnipe muda nieleze kwa nini.

Mtu ukimlipa akukalie uchore, atakaa. Utamwambia ainue kidevu, atainua. Akichoka atapumzika, kisha atarudi palepale. Paka hapigi pozi kwa ajili ya mtu yeyote. Umemwona amejikunja vizuri, umeshika penseli, umeinamisha macho kwenye karatasi kuchora mgongo. Ukiyainua, ameshaanza kujiramba paja na mguu mmoja uko hewani. Kwa hiyo mstari ulio kwenye karatasi ni wa paka uliyemkumbuka, maana yule uliyekuwa unamwona ameshabadilika. Kila mchoro wa paka aliye hai ni mchoro wa kumbukumbu, hata kama kumbukumbu yenyewe ina umri wa sekunde mbili.

Wachoraji wazoefu wana mbinu yao, na ukishaijua, ukurasa ule wa vipandevipande unaanza kusomeka. Wanaanza michoro minne au mitano kwa pamoja. Paka akihama, ule wa kwanza wanauacha ulipofikia, wanaanza mwingine pembeni. Baada ya muda anarudia mkao wa mwanzo, kwa sababu paka ana mikao michache anayoipenda, nao wanaurudia mchoro wa kwanza na kuongeza sikio au bega. Ndiyo maana ukurasa wenye paka sita ambao hawajakamilika mara nyingi ni paka mmoja, kwa nusu saa moja, na mchoraji mmoja ambaye hakunyanyuka.

Sasa twende Philadelphia, kwa sababu habari hii ina mizizi mirefu katika mji huo.

Kati ya mwaka 1884 na 1887, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwezesha mpiga picha Eadweard Muybridge kupiga picha za mfululizo za watu na wanyama wakiwa katika mwendo. Zilipochapishwa mwaka 1887 zilikuwa kurasa 781. Tunakumbuka zaidi farasi wake, lakini na paka yumo, akitembea na akikimbia. Zikipangwa kwa mstari picha zile, unaona jambo ambalo jicho peke yake hulipata kwa tabu: paka akitembea polepole, hutangulia mguu wa nyuma wa kushoto, unafuata wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, halafu wa mbele wa kulia. Unaona pia kwamba anatembea kwa vidole. Ile sehemu ya mguu wa nyuma ambayo wengi wenu mnaichora kama goti lililokunjwa kinyumenyume ni kisigino. Goti lenyewe liko juu zaidi, karibu na tumbo, limefichwa na manyoya. Mkitoka na hilo tu leo, paka wenu wataacha kuonekana kama mbuzi.

Mchoraji Thomas Eakins alikuwa kwenye kamati ya chuo iliyosimamia kazi ile. Wakati huo alikuwa akifundisha katika chuo cha sanaa cha mji huo, Pennsylvania Academy of the Fine Arts, na alitaka wanafunzi wake waujue mwili kwa ndani: mifupa, misuli, kila kiungo kinapokunjika. Mwaka 1886 alilazimishwa kujiuzulu, kwa sababu alimvua nguo mwanamitindo wa kiume mbele ya darasa lenye wanawake. Lakini namna yake ya kufundisha haikuondoka naye, kwa kuwa mwanafunzi wake Thomas Anshutz alibaki na kuendelea. Eakins mwenyewe, mwaka 1872, alikuwa amechora picha ya mafuta ya Kathrin Crowell, msichana aliyevaa nguo nyeupe, na paka mdogo mapajani. Chumba kina giza, msichana ametulia kabisa, na kile kipaka ndicho kitu chenye uhai kuliko vyote humo.

Philadelphia hiyohiyo ilimtoa Cecilia Beaux, ambaye kuanzia mwaka 1895 alifundisha katika chuo kilekile. Mwaka 1893 na 1894 alimchora binamu yake amevaa nyeupe, na paka mweusi begani. Binamu anatazama pembeni. Paka anatutazama sisi, usoni. Beaux aliipenda mno picha hiyo. Kwa kuwa ya kwanza ilikuwa inakwenda kukaa Paris, alichora ya pili ili abaki nayo. Nawauliza wanafunzi: ni paka gani angekaa begani mwa mtu kwa siku zote ambazo picha ya mafuta inahitaji? Hayupo. Anayemweka paka begani namna ile amekwisha kumsoma, na amemhifadhi kichwani.

Mtu ninayetaka tukae naye zaidi anaitwa John Sloan.

Sloan alizaliwa mwaka 1871 Lock Haven, Pennsylvania, akakulia Philadelphia. Afya ya baba yake ilipodhoofika, aliacha shule akiwa na miaka 16 ili alishe familia. Alipata kazi katika duka la vitabu, na humo dukani ndimo alimojifunza. Alizitazama kwa karibu picha za kuchapwa za Rembrandt na Dürer, mabingwa wa zamani wa Ulaya, na akajifundisha kwa kusoma kitabu namna ya kuchora kwenye bamba la chuma na kulichapa kwa wino. Baadaye aliingia darasa la jioni la yule Anshutz. Wazazi mlio hapa mnaohofu kwamba mtoto bila chuo hawezi kuwa mchoraji, mkumbukeni kijana huyu aliyesomea nyuma ya kaunta.

Mwaka 1892 aliajiriwa na gazeti la Philadelphia. Nisikilizeni vizuri hapa. Enzi zile magazeti bado yalitegemea wachoraji kuonyesha habari, kwa kuwa kuchapa picha za kamera kwa kasi ya gazeti kulikuwa bado hakujashika. Nyumba ikiungua, kesi kubwa ikisikilizwa, gazeti linamtuma mchoraji. Anatazama, anaandika alama mbili tatu kwenye kipande cha karatasi, anakimbia ofisini, na pale mezani anachora umati, moshi, nyuso, magari ya farasi, vyote kutoka kichwani. Rafiki yake Sloan, William Glackens, alisifika kwa hilo: akitupa jicho mara moja, anarudi na mtaa mzima.

Sloan hakuwa hivyo. Alikuwa mzito. Kazi yake kubwa gazetini ilikuwa ya mezani, mapambo na mafumbo ya toleo la Jumapili. Ninalitaja hili makusudi, kwa sababu kila mwaka napata mwanafunzi anayeniambia, "Mwalimu, mimi sina kipaji, mkono wangu hauna kasi." Sloan naye alianza hivyo. Gazeti lilipoacha kuhitaji kazi yake mwaka 1903, mwaka uliofuata alihamia New York, na huko alijizoeza jambo moja kwa miaka: kutembea, kutazama, kurudi nyumbani na kuchora alichokiona. Alikaa ghorofa ya juu, akitazama kutoka dirishani mapaa ya jirani, kamba za nguo, wanawake wanaokausha nywele, watu waliolala juu ya paa kwa sababu ya joto. Hao hawakumkalia. Hawakujua hata kwamba wanatazamwa. Aliwachukua kwa jicho, kama paka anavyochukuliwa.

Haikumpa fedha. Mwaka 1906 aliombwa apeleke kwenye maonyesho michoro kumi ya maisha ya New York aliyoichapa kwa bamba, na minne ikarudishwa kwa madai kwamba haina adabu. Alikuwa ameshavuka miaka 40 alipouza picha yake ya kwanza ya rangi, mwaka 1913.

Mwaka uliofuata, 1914, alichora ua wa nyuma ya nyumba huko Greenwich Village, mtaa wa New York. Picha hiyo iko kwenye makumbusho ya Whitney, New York, na si kubwa: upana wake ni kama sentimita 81. Ni majira ya baridi, theluji imetanda uani. Nguo zimeanikwa kwenye kamba. Watoto wanajenga sanamu ya theluji, na msichana anawachungulia dirishani akitabasamu. Na wapo paka wawili. Mmoja yuko juu ya uzio wa mbao. Mwingine anakata theluji kwa miguu yake.

Naomba mwitafute picha hiyo na mwangalie paka wale kwa utulivu. Ukisogea karibu, ni mipigo michache ya brashi. Hakuna manyoya yaliyohesabiwa, hakuna sharubu. Lakini uzito upo. Yule wa kwenye uzio umbo lake linakaa juu ya ubao, halielei, na yule wa chini unaona kabisa kwamba theluji ni kero kwake. Sloan alijua uzito wa paka unapumzika wapi kwenye mwili wake. Kwangu mimi picha ile ingeanguka bila wao, maana watoto wanacheza na theluji, msichana anafurahi kwa sababu yao, ila ni paka wanaotuambia kwamba ua huu una wenyewe.

Kuanzia mwaka 1916 Sloan alifundisha katika shule ya sanaa ya Art Students League, New York. Miaka ya ishirini alikuja kijana aliyekwisha kusomea uhandisi wa mitambo, akaamua kurudi kwenye sanaa ya ukoo wake. Babu yake ndiye aliyechonga ile sanamu ya William Penn iliyo juu ya jengo la halmashauri ya Philadelphia, yenye urefu wa zaidi ya mita 11. Mama yake alikuwa mchoraji, na baba yake mchongaji. Kijana ni Alexander Calder. Alisoma kwa walimu kadhaa pale, Sloan akiwa mmojawao, na akawa na mazoea ya kuchora watu barabarani na kwenye treni za chini ya ardhi kwa mstari mmoja usiokatika. Halafu akahamia kwa wanyama. Alikwenda kwenye bustani za wanyama za Bronx na Central Park na brashi na wino, akarudi na michoro iliyochapishwa mwaka 1926 katika kitabu cha kufundishia kuchora wanyama. Mnyama mzima ni mipigo michache. Hakuna kufuta, maana wino haufutiki.

Muda si mrefu Calder aliacha karatasi akauinua ule mstari wenyewe hewani, kwa waya. Mwaka 1928 alitengeneza taa yenye umbo la paka kwa waya na karatasi, ambayo iko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Baadaye tena alikuja na zile kazi zake zinazoning'inia na kuzunguka zenyewe kwa upepo, zilizompa jina duniani kote. Mimi siwezi kuzitazama nisiwaone wanyama wale waliokataa kutulia. Mtu aliyefundishwa na kitu kinachosogea, mwishoni alitengeneza sanaa inayosogea.

Najua kuna mtakaoniuliza kuhusu Andy Warhol, msanii mwingine wa Marekani, kwa sababu paka wake wanasambaa sana kwenye simu. Mwaka 1954, kabla hajapata jina, alichapa kijitabu cha paka ambao karibu wote wanaitwa Sam. Mbinu yake ijaribuni nyumbani: alichora kwa wino juu ya karatasi isiyofyonza, na wino ungali mbichi akaikandamiza kwenye karatasi inayofyonza. Mstari unaotoka umekatika hapa na pale, una vitone, na ukiujua huusahau. Rangi zilitiwa kwa mkono. Maandishi yaliandikwa na mama yake, Julia, mhamiaji kutoka Ulaya ya kati, na aliporuka herufi moja kwenye jina la kitabu, mwanawe aliiacha vilevile. Nawapenda paka wale kwa rangi zao. Lakini wamekaa, wanatukodolea macho. Kwa kazi ninayowafundisha nyinyi, nawarudisha kwa Sloan na Calder.

Sasa niseme kuhusu karatasi yenyewe, kwa ufupi, kwa sababu hili linaniuma.

Madaftari mengi ya zamani yalikuwa ya bei ndogo, karatasi yake imetokana na massa ya mbao, ina tindikali ndani yake. Ndiyo maana inageuka manjano na kuvunjika pembeni. Penseli yenyewe haipauki, ila inachafuka na kujichapa kwenye ukurasa unaoitazama, na kwa mtu anayejua kusoma, alama hiyo hafifu ni ushahidi kwamba kurasa mbili ziliwahi kulala pamoja. Michoro ya daftarini mara nyingi haikutiwa sahihi, kwa hiyo msanii akifariki, warithi huigonga muhuri.

Halafu anakuja mfanyabiashara, analichanachana daftari na kuuza ukurasa mmojammoja. Paka wa Jumatatu anakwenda nchi hii, paka wa Jumanne anakwenda ile. Ule mfuatano niliowaeleza, wa mchoraji kuacha mchoro na kuurudia, kukosea na kurekebisha katika ukurasa unaofuata, unapotea, na hakuna fundi wa kuurudisha. Sloan alibahatika. Mjane wake, Helen Farr Sloan, ambaye alikuwa mwanafunzi wake kabla ya kufunga ndoa mwaka 1944, alitunza picha, barua, michoro na shajara zake, na sehemu kubwa sana akaipa Delaware Art Museum, mji wa Wilmington. Leo mtu anaweza kwenda pale akafuatilia wazo la Sloan tangu lilipozaliwa.

Nyinyi mna daftari moja moja, na nimeona mnavyolitendea. Mchoro ukiharibika mnachana. Acheni! Ukurasa uliokosea ndio unaonihitaji mimi mwalimu wenu. Nyuma ya kila ukurasa andikeni tarehe na mahali. Msiliweke daftari juu ya kabati lililogusana na ukuta, kwa unyevu wa mji huu litaota ukungu kabla ya masika kwisha.

Na kuhusu simu. Sikatai simu, hata Eakins alitumia kamera na aliithamini. Lakini Eakins alikuwa ameshajua mfupa uko wapi. Wewe unayepiga picha ya paka, ukakaa sebuleni kuinakili nywele kwa nywele, umeipa simu kazi ya kutazama, na hiyo ndiyo kazi uliyokuja kujifunza. Ninapoona kwenye maonyesho yetu paka waliokamilika kila unywele ila hawana uzito, wanaoelea juu ya sakafu, najua kilichotokea, na huwa nasikitika, kwa sababu mkono wa kijana yule ni mzuri na jicho lake halijawahi kupewa nafasi.

Basi Jumamosi tunakwenda Feri, soko la samaki. Tukutane getini saa moja kamili asubuhi, boti zikiwa zinashusha na paka wakiwa kazini. Kila mmoja aje na daftari, penseli laini ya 2B au 4B, na kofia. Raba ziacheni nyumbani. Simu nitazikusanya mimi kwenye mfuko na kuzirudisha saa nne. Anzeni na mstari wa uti wa mgongo, kutoka kichwani hadi kwenye mkia, kwa mkono mmoja bila kunyanyua, kisha bega na nyonga, mkiangalia lile bega linavyopanda juu ya mgongo paka anaponyemelea, masikio baadaye, macho mwisho kabisa, au msiyachore. Akihama, mwacheni aende, anzeni mwingine palepale pembeni. Nataka kutoka kwa kila mmoja kurasa kumi, na nitasahihisha zile mbovu kwanza.

Wazazi mnaotaka kuja, njooni, na daftari za ziada nitakuwa nazo. Sasa nipo tayari kwa maswali.